Mwangaluka, Kompyuta

Hapa Tabora salamu ya asubuhi ni deni. Ukimpita mtu mzima bila kumwambia "Mwangaluka", utaambiwa hukulelewa. Mimi siku hizi nina mwingine wa kumwamkia, naye ni kompyuta.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbali. Sasa nachapa barua na kutoa kopi za vyeti kwenye duka la steshenari, karibu na stesheni ya reli. Riwaya yangu naiandikia hapo hapo kwa ruhusa ya Mzee mwenye duka. Imo kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, na ufunguo wa chumba hicho anao yeye. Flashi amezipiga marufuku kwa ajili ya virusi. Mimi nafungua duka saa kumi na mbili na nusu, yeye anafika saa tatu. Muda huo wa katikati, kabla wateja hawajajaa, ndio wangu wa kuandika.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya nyuma huwa imelala. Haijazimwa, Mzee ameipanga ilale ili isimalize LUKU bure. Nikiitafuta kutoka mashine ya kaunta, kimya!

Kumbe dawa ipo tangu mwaka 1995, kampuni za Marekani AMD na Hewlett-Packard zilipotangaza ujumbe zilioupa jina la Magic Packet, yaani kifurushi cha mazingaombwe. Kompyuta inayolala hivi haifumbi macho yote. Kadi yake ya mtandao hubaki na umeme kidogo, ikisikiliza waya. Kila kadi ina anuani yake ya baiti 6. Ujumbe huanza na baiti 6 zenye thamani ya 255 kila moja, kama mtu anayekohoa kabla ya kuita, kisha anuani ya anayeitwa inarudiwa mara 16. Jumla baiti 102, basi. Unapigwa kwa mashine zote za mtandao wa ndani, lakini anayeamka ni yule tu aliyetajwa. Nimeandika skripti ya Python, mistari kumi hivi. Naiendesha, nangoja kidogo, halafu nafungua faili langu kutoka kaunta.

Mzee alipoiona alicheka. "Kijana, wewe umekuwa kirangozi!"

Kirangozi alikuwa kiongozi wa misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi, enzi mji huu ukiitwa Kazeh, watu wakitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Alfajiri ngoma au baragumu likilia, kambi nzima inasikia, kila mpagazi anainukia mzigo wake.

Lakini mazingaombwe haya yana mipaka. Umeme ukikatika, kadi nayo inakuwa kiziwi. Tena mashine haijibu kwamba imesikia. Utajua tu ukiiona imeamka. Na kubwa zaidi, kwa kawaida ujumbe huo hauvuki ruta. Mtu aliye Dar es Salaam hawezi kuiamsha mashine yetu hivi hivi. Lazima humu ndani iwepo nyingine iliyo macho, ipokee agizo na kuita yenyewe.

Hapo ndipo nilipojiona mimi. Mswada wangu wa kwanza niliupeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar, na huu ni mwezi wa nane. Kila simu ikilia naruka. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872 Livingstone alikaa kuanzia Machi hadi Agosti akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Lakini Livingstone aliachiwa akiba ya vitu, bwana. Mimi nina chapati moja na chai ya rangi.

Basi nimeacha kungoja. Kila Jumapili jioni tunakutana watatu chini ya mwembe, kila mtu na kurasa zake. Mmoja ni dada anayeuza vitumbua asubuhi na kuandika mashairi usiku. Wiki moja nilikwenda mikono mitupu. Hakunionea huruma.

"Kaka, sura ya saba iko wapi?"

"Dada, nilichoka."

"Mimi nimeamka saa kumi kusonga unga, na shairi ninalo. Iko wapi?"

Sura ya saba iliandikwa siku tatu baadaye. Katika miezi minane yote, Dar haijaniandikisha hata ukurasa mmoja.

Sisemi tususie wachapishaji. Mwito wao ukija, tutaupokea kwa mikono miwili. Ila wewe uliye Nzega, Urambo au Kigoma, usilale ukitegemea kuitwa kutoka pwani. Mtafute jirani aliye macho, mpe jina lako, mruhusu alirudie hata mara 16. Nawe mwite yeye.

Sura ya nane inadaiwa Jumapili hii. Niache nikaandike.