Watoto wa Joho na Watoto wa Sare

Treni ya juu ya Chicago ina kituo chake palepale kwenye jengo la Merchandise Mart. Ukishuka unavuka kidaraja, umeshaingia ndani. Jengo lilifunguliwa mwaka 1930, na siku zile hapakuwa na jengo lingine duniani lililolizidi kwa eneo la sakafu. Kampuni ya Marshall Field ililijenga kwa ajili ya biashara ya jumla, na huko juu, ghorofa ya 19, NBC wakaweka studio zao za redio. Humo ndimo kilimorushwa Quiz Kids, kipindi cha chemsha bongo cha watoto kilichoanza tarehe 28 Juni 1940 kwa kuziba pengo la msimu wa kiangazi tu, kikaishia kudumu redioni hadi 1953.

Nilikwenda nikijua kwamba studio hazipo tena. Kilichopo ni nguzo nane nje, kando ya mto, kila moja na kichwa cha shaba juu yake: Woolworth, Marshall Field, Montgomery Ward na matajiri wenzao wa maduka, wote wameelekezwa kwenye mlango mkuu. Aliyeviagiza ni Joseph Kennedy, baba wa yule rais, baada ya kulinunua jengo. Nikazizunguka nguzo zote nikisoma majina. Hakuna mtoto, hakuna mtangazaji. Nikaona ni haki ya hao wenye maduka, maana hata kile kipindi cha ghorofani kilikuwa duka.

Duka la vidonge. Mdhamini alikuwa Alka-Seltzer, vile vidonge vya kuchemka kwenye glasi ya maji, vya kampuni ya Miles Laboratories ya Elkhart, Indiana. Aliyebuni kipindi ni Louis Cowan, mtu wa matangazo. Aliyekiongoza ni Joe Kelly, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiendesha kipindi cha muziki wa mashambani kilichodhaminiwa na vidonge hivyohivyo. Kelly aliishia darasa la tatu. Majibu alikuwa nayo kwenye kadi, na hapo ndipo ninapompa sifa Cowan: angeweza kumweka profesa, akamweka mtu anayeshangaa pamoja na msikilizaji.

Nilikaa kwenye benchi ukingoni mwa mto, nikaweka spika za masikioni, nikasikiliza rekodi za zamani ambazo bado zinapatikana. Kwanza yanaitwa majina kama darasani. Watoto ni watano, kila mmoja anataja jina lake, umri wake na shule yake. Kisha maswali, yaliyotumwa na wasikilizaji kwa barua. Vidole vinapanda (huvioni, unamsikia Kelly akiita jina) na katoto ka miaka saba kanaanza kueleza habari za ndege wa porini bila kukwama. Watazamaji wa studioni wanacheka, kicheko cha mtu anayemwangalia mtoto wa mwenzake akivaa viatu vya baba. Na watoto wote hao wamevalishwa majoho na kofia za mahafali. Redioni! Msikilizaji wa nyumbani hakuona kitu, lakini wapiga picha wa magazeti waliona, na picha zilisambaa nchi nzima.

Waliopata alama nyingi, watatu wa juu, walirudi wiki iliyofuata, wawili walitoka. Kila mtoto alilipwa hatifungani ya dola 100 kwa kila alipotokea. Hesabu hiyo ni nzito kwa nyumba ambayo mdororo wa miaka ya 1930 ulikuwa haujaisha kuiuma. Vita vilipoikumba Marekani, watoto walizungushwa miji mingi kuuza hatifungani za vita kwa mamilioni ya dola. James Watson, kijana wa Chicago aliyependa ndege, alidumu katika jopo hilo kwa wiki tatu tu. Maswali ya Biblia na Shakespeare yalimtoa, na hayo yalikuwa uwanja wa binti mdogo kuliko yeye, Ruth Duskin. Mwaka 1962 Watson akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya umbo la DNA. Ukiniuliza, kutoka mapema kulimfaa.

Nasema hivyo kwa sababu ya Joel Kupperman. Aliingia akiwa na miaka sita, mwaka 1942, bingwa wa hesabu za kichwa, akabaki hadi karibu miaka kumi na sita, kwanza redioni na baadaye kwenye televisheni. Alikua mbele ya nchi nzima akiwa amevaa joho lilelile. Baadaye akawa mwalimu wa falsafa Chuo Kikuu cha Connecticut, mtu mkimya, ambaye nyumbani kwake habari za kipindi hazikuzungumzwa. Mwanawe Michael alilazimika kuzichimba mwenyewe, akazichora katika kitabu cha katuni, All the Answers, kilichotoka 2018. Joel alifariki 2020.

Kisha nikaenda London na swali moja: Waingereza nao waliendeshaje chemsha bongo ya watoto redioni?

Nilisimama mbele ya Broadcasting House, Portland Place, jengo la BBC la mwaka 1932 lililokaa kama meli iliyokwama mjini. Lakini hapo hapakunisaidia, kwa sababu kipindi chao, Top of the Form, makao yake yalikuwa kwenye kumbi za shule. Kilianza 1948 kwenye idhaa ya Light Programme. Shule mbili zinashindana, kila moja na watoto wanne wa marika tofauti, kuanzia wa kidato cha mwanzo hadi yule mkubwa anayekaribia kumaliza. Kila timu imekaa shuleni kwake, wenzao wamejaa ukumbini, na kila ukumbi una muulizaji wake. Zimeunganishwa kwa waya. Swali linaulizwa kaskazini, jibu la wapinzani linakuja kutoka kusini, makofi yanapigwa pande zote mbili. Mara nyingi ilikuwa shule ya wavulana dhidi ya shule ya wasichana, na hilo lilitosha kuifanya nchi isogeze viti karibu na redio.

Hapa hakuna vidonge wala hatifungani. BBC iliendeshwa kwa ada ya leseni. Mtoto amevaa sare yake ya kila siku, na akishindwa, iliyoshindwa ni shule. Kesho yake anarudi darasani kuwa mwanafunzi wa kawaida. Sisi tuliolelewa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania, kipindi cha hadithi ambacho hakikumpa mtoto alama yoyote, tungejisikia nyumbani zaidi kwenye ukumbi huo kuliko ghorofa ya 19.

Hata hivyo Waingereza nao walikuwa na mlango wao mwembamba. Shule zilizozoeleka kwenye kipindi zilikuwa zile za kuchaguliwa, zilizochukua watoto waliofaulu mtihani wa umri wa miaka kumi na moja. Waliofeli mtihani huo, ambao ndio walikuwa wengi, walisikiliza tu. Anayekumbuka matokeo ya darasa la saba yalivyogawa watoto wa mtaa mmoja ataelewa bila kuelezwa. Chicago, kwa upande wake, haikujali unasoma wapi. Iliuliza unajua nini, na wazazi wahamiaji, Wayahudi wengi miongoni mwao, waliona watoto wao wakipendwa na taifa wakati chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa wazi kabisa mitaani. Hilo si dogo. Nadhani ndilo lililowafanya wazazi wengine washindwe kusema basi, inatosha.

Top of the Form kiliishi muda mrefu mno, hadi 1986. Kilipofungwa, sababu iliyotolewa ni kwamba mashindano ya namna ile hayakuendana tena na falsafa ya elimu ya wakati huo. Nilipoisoma nilitabasamu. Kama kuna kipindi kilichostahili kufungwa kwa sababu hiyo ni kile cha Chicago, nacho kilikuwa kimeshakufa zamani.

Kama burudani, Quiz Kids kinashinda. Rekodi zake bado zinanichekesha, na Kelly hana mfano wake upande wa pili. Kwa mtoto, nachagua ukumbi wa shule. Siku hizi vituo vya redio na televisheni kwetu vinaita watoto kwa mashindano, na wadhamini hawakosekani. Mzazi uliyeletewa fomu ya kusaini, kitafute kwanza kitabu cha Michael Kupperman. Ni cha katuni, unakimaliza jioni moja, halafu ndiyo ushike kalamu.