Yai Hutangulia Hedhi

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Naishi Uru, juu ya mji wa Moshi. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mama aliyejifungua, ambaye hajaona siku zake, na kila mwezi anajiuliza kimoyomoyo kama ni kunyonyesha au ni mimba. Niliishi na swali hilo baada ya uzazi wangu wa kwanza. Baada ya uzazi wa pili nilifundishwa kuujua mwili wangu, na nyumba yetu ikabadilika.

Kwetu mzazi huenziwa. Mama mkwe hushika jiko, mtori haukauki chunguni, na mzazi hashiki jembe wala hakati majani ya ng'ombe. Ndani ya mapumziko hayo ndipo nilipopewa elimu ya uzazi iliyokuwapo: usimkaribie mumeo mpaka mtoto atembee, msije mkambemenda, yaani mkamdhoofisha mtoto. Mtoto akikonda au akichelewa kusimama, macho ya watu yanamgeukia mama. Mary Howard na Ann Millard walipotoa mwaka 1997 kitabu chao kuhusu utapiamlo wa watoto na umaskini katika Mlima Kilimanjaro, walikiita Hunger and Shame, njaa na aibu. Aibu hiyo naijua, nimeiona kwa majirani zangu.

Wazee wetu siwalaumu. Walichokuwa wakilinda ni nafasi kati ya mtoto na mtoto, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo atafute mimba nyingine. Ila amri ile ilisimama juu ya woga mtupu. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam. Alipokuja likizo, furaha yangu ilichanganyika na hofu, na alipoondoka nilibaki nahesabu siku gizani. Hatukuwa na mazungumzo zaidi ya "subiri kwanza" na "mpaka lini?"

Mabadiliko yalianzia kliniki, nilipompeleka mtoto wetu wa pili chanjo ya wiki ya 6. Muuguzi alipomaliza na mtoto akanigeukia: "Na wewe mama, umepanga nini?" Nikamweleza kinachonisumbua. Akanijibu neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote: "Yai hutangulia, hedhi hufuata. Ukisubiri uone damu ndipo uanze kujilinda, mimba inaweza kukuwahi."

Akanikalisha, akanieleza. Mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni iitwayo prolaktini, na kunyonya mara kwa mara, hasa usiku, huzuia yai lisipevuke. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama anayempa mtoto maziwa yake tu, ambaye hedhi haijarudi na mtoto hajafikisha miezi 6, ana kinga isiyopungua asilimia 98. Masharti hayo matatu yasimame kwa pamoja. Likivunjika moja, mama aanze njia nyingine mara moja. Na mama asiyenyonyesha kabisa asijipe moyo, maana yai lake linaweza kupevuka hata kabla ya wiki 6 kuisha.

Sharti la maziwa tu ndilo lililonipa kazi. Likizo ya uzazi ni siku 84, na mwalimu akirudi darasani anakuwa mbali na mtoto asubuhi nzima. Muuguzi alikuwa ameniambia nisipitishe saa 4 mfululizo mchana wala saa 6 mfululizo usiku bila kunyonyesha. Sheria ya kazi inampa mama ruhusa ya kwenda kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Niliiomba kwa mwalimu mkuu, nikapewa. Kengele ya mapumziko ikilia, nilikata njia katikati ya migomba mpaka nyumbani, nikanyonyesha, nikarudi kufundisha.

Iliyobaki ilikuwa kuzungumza na mama mkwe, kwa sababu kwetu mtoto huanzishwa mapema ndizi za kuponda. Nilimwambia, "Mama, naomba unisaidie miezi sita ipite. Maziwa haya yanamlinda mjukuu wako, na mimi pia yananilinda." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nanyi mnatafuta kile kile tulichotafuta sisi." Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyethubutu kumwonjesha mtoto kitu mbele yake.

Miezi 6 ilipotimia, kinga ile iliisha ingawa hedhi ilikuwa bado. Tukaanza kutumia kondomu, nami nikafungua daftari. Kila jioni mstari mmoja: tarehe, mtoto amenyonyaje, na hali ya ute wa ukeni. Nilipokwenda msalani nilijifuta kwanza kwa karatasi safi, nikaangalia, nikagusa kwa vidole viwili. Kama hapakuwa na kitu niliandika "mkavu". Kupima joto la mwili alfajiri ili kujua kama yai limepevuka hatukukutegemea, kwa kuwa mama anayeamshwa usiku na mtoto hapati kipimo cha kuaminika.

Kwa muda mrefu daftari lilisema "mkavu", ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto alipokaribia mwaka, akala vizuri na kupunguza kunyonya usiku, nikaona mabadiliko. Kwanza ute mzito mweupe, kisha mwangavu, wa kuteleza, unaovutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Tangu damu ya uzazi ikauke sikuwa nimeona hata tone. Wiki kama mbili baadaye hedhi ikaja. Nilichoambiwa kliniki nilikuwa nimekishuhudia mwilini mwangu.

Mizunguko ya mwanzo haikueleweka: mmoja mrefu, mwingine mfupi. Ndiyo sababu njia za kalenda hazimfai mama aliyetoka kujifungua mpaka apate walau hedhi tatu na mzunguko utulie, na hata hapo aende kwa tahadhari. Mzunguko wangu ulipotulia nilipewa shanga za mzunguko, zile 32 zilizobuniwa na Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Zinamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32, na shanga nyeupe zinaonyesha siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za hatari. Siku hizo ni nyingi kwa sababu mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 katika ute mzuri, wakati yai halivuki saa 24.

Sitaki kumdanganya mtu. Katika matumizi ya kawaida ya shanga, wanawake kama 12 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa vijiti na kitanzi hawafiki hata mmoja kwa kila 100. Kuhesabu siku hakukingi VVU. Jirani yangu aliweka kitanzi na amepata amani yake, na mimi namheshimu.

Kwangu mimi baraka kubwa imekuwa mazungumzo. Krismasi moja, Wachagga walipokuwa wakipanda mlimani kutoka kila pembe ya nchi, mume wangu alikuja, nikampa daftari. Alilisoma kimya, akauliza maswali, na kuanzia hapo swali lake likawa, "Mama, leo tuko wapi?" Tukapanga pamoja. Mtoto wa pili alipopita miaka miwili tulitafuta wa tatu kwa kutumia shanga na kurasa zile zile, safari hii tukizifuata siku nyeupe badala ya kuzikwepa.

Mama mwenzangu, ukimpeleka mtoto chanjo, usiondoke kabla hujaulizia habari zako. Uliza kama kunyonyesha kwako bado kunakukinga, kitakachoivunja kinga hiyo, na njia gani ianze siku itakapovunjika. Nenda na baba wa mtoto ikiwezekana, na bibi wa mtoto aelezwe pia. Elimu hii haikunigharimu chochote zaidi ya daftari, na imeniondolea woga nisiotaka mwanamke yeyote wa mlimani kwetu aurithi.