Ufunguo Nilioutundika Mlangoni

Naomba nikiri mapema kwamba mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si wa kompyuta. Hata hivyo, tasnifu yangu ya uzamili ilinitumbukiza katika ujifunzaji wa mashine: nilitaka modeli itakayosoma shairi na kutambua bahari yake. Ilipokamilika, niliamua kuichapisha katika ghala la mtandaoni la Hugging Face, ambako watafiti wa lugha nyingi huweka kazi zao.

Ghala hilo humwezesha mchapishaji kutumia tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi unaoanza na hf_, ambao ndio ufunguo wa akaunti yake. Kwa pupa, niliiandika tokeni hiyo ndani ya programu yenyewe, kisha nikaiweka programu hadharani wenzangu waione.

Usiku huo ndugu mmoja wa idara ya kompyuta alinipigia simu. "Dada, umefunga mlango ukautundika ufunguo nje."

Modeli haikunitia hofu. Hiyo ningeitoa bure. Lakini akaunti ile ile ilihifadhi, faraghani, rekodi za sauti za malenga wa Lamu. Mzee mmoja wao alikuwa ameniambia, "Mjukuu wangu, haya ni ya masomo yako, si ya barazani." Nami nikaitikia, "Naam, babu." Tokeni yangu ilikuwa na idhini ya kusoma na kuandika kila kitu.

Niliibatilisha papo hapo. Kuufuta mstari tu kusingetosha, kwa kuwa Git hutunza kumbukumbu ya matoleo yaliyopita. Kisha nikaunda tokeni nyingine, yenye idhini ya hazina ya modeli pekee.

Ndipo ndugu yangu aliponifunza vigeu vya mazingira. Programu hutaja jina tu, HF_TOKEN. Thamani yake hukaa nje, katika mazingira ya mfumo. Nilielewa haraka, maana kiwakilishi "yeye" nacho hakimtaji mtu. Muktadha ndio humtambulisha. Ugumu ulikuwa katika kuandika. Amri ya export haivumilii nafasi pembeni mwa alama ya usawa (sijapata kumwona mhakiki wa arudhi aliye mkali hivyo), na ukilifunga dirisha la amri, kigeu hutoweka. Sasa tokeni yangu imo katika faili la .env, ambalo programu hulisoma inapoanza, na jina la faili hilo nimeliandika katika .gitignore lisije likapakiwa pamoja na mengine. Kigeu kingine, HF_HOME, kilinisaidia kuhamishia diski ya nje mafaili yaliyokuwa yameijaza tarakilishi yangu.

Asubuhi nilimpigia mzee simu nikamweleza yote.

"Kuna aliyesikia?" akauliza.

"Sijui, babu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nifute rekodi mbili, zile za mashairi aliyomtungia marehemu mkewe. Nilizifuta siku hiyo hiyo, na sura ya nne ya tasnifu ikapungukiwa na mifano yake bora.