Kiwanja cha kaskazi na kiwanja cha masika: safari ya Kibaha na Kisarawe

Upepo wa kaskazi ukishashika pwani yetu, baina ya Desemba na Machi, soko la ardhi katika Mkoa wa Pwani huchangamka. Sababu zake hazijifichi. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, na mwenye shamba asiye na akiba huanza kulitazama shamba lake kwa jicho la pesa. Barabara za vumbi hupitika, hivyo dalali humfikisha mteja mpaka kwenye bikoni. Na kila mwenye nia ya kujenga hutaka msingi uwe umesimama kabla ya masika. Wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wengi, na haraka ni nyingi. Wakati kama huo ndio Muislamu anaohitaji utulivu zaidi.

Ni katika msimu huo kamati yetu ya msikiti ilipotoka Dar es Salaam, Jumamosi mbili zilizofuatana, kutafuta kiwanja cha madrasa na nyumba ya mwalimu. Bei za mjini zimetushinda. Fedha tulizobeba dhamana yake zimetokana na makusanyo ya Ijumaa ya miaka kadhaa, na ndani yake zimo noti za mama muuza vitumbua ambaye hakukosa kuleta elfu mbili yake kila wiki. Mali ya namna hiyo ikiwekwa wakfu, wanaoisimamia huulizwa juu yake duniani na Akhera.

Jumamosi ya kwanza tulishika Barabara ya Morogoro. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara hiyo imepanuliwa kuwa ya njia nane, kipande cha kilomita 19.2, na abiria wa leo hufurahia wepesi wake. Wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka 2017, bomoabomoa ilipopita baina ya Kimara na Kiluvya kuwaondoa waliokuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyumba za watu zilianguka, na nyumba za ibada hazikusalimika. Wengi walikuwa wamenunua kwa nia njema, kwa maandishi na mashahidi, kutoka kwa watu waliowaamini. Nia njema haikuisogeza hifadhi hata hatua moja. Tukaweka sharti la kwanza tungali njiani: kiwanja chochote kinachopakana na barabara kuu, reli, bomba la maji au nguzo kubwa za umeme, hatutakizungumzia bei kabla ya kuiona ramani ya halmashauri.

Kibaha ni makao makuu ya mkoa, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Wazee wanaikumbuka kwa Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza miaka ya 1960, pamoja na shule zake na Hospitali ya Tumbi. Vijana wanaijua kwa viwanda, kwa Bandari Kavu ya Kwala, na kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikisimama Soga na Ruvu. Kila mradi unaopita huacha nyuma yake madalali na mabango ya viwanja. Kutoka Maili Moja hadi Mlandizi kanuni ya bei ni moja: kadiri unavyoiacha lami, ndivyo inavyoshuka.

Upande wa Visiga tulioneshwa kiwanja kikubwa, tambarare kama mkeka, kwa bei iliyotufanya tutazamane. Ardhi ilikuwa kavu, imepasukapasuka kwa jua. Dalali akasifu wepesi wa kujenga, kwamba hakuna kifusi cha kumwaga wala mlima wa kuchonga. Mjumbe wetu mmoja, fundi mwashi kwa miaka mingi, hakusema kitu. Alikwenda pembeni, akasimama penye kichaka kidogo cha matete. Kisha akaingia kwenye pagala la jirani lililokuwa halina bati, akatuita. Ukutani, juu kidogo ya magoti, palikuwa na mstari wa tope uliozunguka chumba kizima, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Matete hayaoti pasipo na maji, na tope halipandi ukuta kwa miguu yake.

Tulipomuuliza dalali, alisema mvua za mwaka ule zilikuwa za ajabu. Huenda ni kweli, kwani mvua za El Niño za mwisho wa 2023 na masika ya 2024 yaliyofuata zilifurika maeneo mengi ya mkoa huu. Lakini alijua, na hakusema mpaka alipoulizwa.

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alilipitia lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na akaweka wazi kuwa mwenye kughushi hana nafasi pamoja naye. Mafunzo hayo tunayasikia mara nyingi juu ya mchele na unga. Pale Visiga tulikuwa tumesimama juu ya lundo lenyewe: juu pakavu, chini pamelowa. Tofauti ni kwamba nafaka huchunguzwa kwa mkono, na kiwanja huchunguzwa kwa msimu. Anayenunua wakati wa kaskazi bila kurudi wakati wa masika amenunua nusu ya kiwanja, na hajui nusu hiyo ni ipi.

Jumamosi ya pili tulikwenda Kisarawe kupitia Gongo la Mboto na Pugu. Barabara inapanda, hewa inapoa, na kijani cha Pugu na Kazimzumbwi kinampokea msafiri. Msitu ule ni wa kale sana na ni hifadhi ya taifa letu. Nao una mipaka yake, na waliojenga ndani ya mipaka hiyo wamepata kuondolewa. Mji wenyewe ulikaa miongo mingi na shida ya maji, ukiwa kilimani ilhali mabomba ya mto Ruvu yanapita kwingine, mpaka mradi wa kuyaleta kutoka Kibamba ulipozinduliwa Juni 2020. Tangu hapo thamani ya viwanja imepanda, na mashamba ya mikorosho ya Wazaramo yanakatwa vipande kila uchao.

Kiwanja tulichooneshwa kipo mbele ya mji, kwenye njia ya Maneromango. Kimeinuka kiasi, udongo wake ni mwekundu na wa kichanga, na maji ya mvua yana pa kuteremkia. Mipaka ni mikorosho mitatu na mnazi mmoja. Muuzaji alikuwa kijana mpole, shamba ni la baba yake aliyefariki. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa tayari kuweka muhuri siku ileile.

Tulimuuliza kijana swali moja: marehemu ameacha nani? Akajibu kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume. Tukarudia swali. Ndipo tukaambiwa kuwa mama yupo hai, na dada wapo wawili, wote wameolewa. Hakuna aliyewaambia kuwa shamba linauzwa, kwa kuwa, alivyotuelewesha, mambo ya ardhi huyashughulikia wanaume.

Mjane ana thumni yake pale marehemu anapoacha watoto, na kila binti ana fungu lake, nusu ya fungu la kaka. Hayo yamepangwa ndani ya Qur'ani, katika Suratun Nisaa, na hakuna desturi ya ukoo inayoweza kuyapangua. Sheria za nchi nazo zinataka msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama kabla mali ya marehemu haijauzwa. Aidha, kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 imeweka usimamizi mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, wala si kwa mwenyekiti na muhuri wake peke yake. Mtume (s.a.w.) amemwonya anayedhulumu ardhi, ijapokuwa kadiri ya shubiri, kwamba siku ya Kiyama atavikwa shingoni ardhi saba. Madrasa iliyojengwa juu ya thumni ya mjane ingefundisha nini?

Njiani kurudi kamati iligawanyika. Wapo waliosema bei haitatungoja, na fedha iliyolala hupungua nguvu kila mwezi. Hoja yao ni ya kweli, na hatukuidharau. Wengine wakasema fedha ikipungua thamani tutachangishana tena, lakini dhuluma hailipwi kwa mchango. Mwishowe tuliafikiana hivi: cha Visiga tukiache. Kwa cha Kisarawe, tulimwomba kijana aitishe kikao cha familia na wafungue shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Sisi hatutatoa hata arubuni mpaka mama na mabinti wasimame mbele yetu na kusema wameridhika. Alinung'unika, kisha akakubali. Wiki iliyofuata dada mkubwa alitupigia simu. Hakutaka kujua bei. Alitaka kujua kama ni kweli tuliwataja.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu na ambazo tayari zina paa juu ya vichwa vyao, msimu huu wa jua nao una kazi zake. Pandeni juu ya bati sasa, wakati ni kavu, mkaze misumari iliyolegea na kubadilisha mipira iliyoliwa na jua. Bati linalovuja huonekana mchana kwa kuingia ndani ya dari na kutazama vitobo vya mwanga. Safisheni mifereji ya paa na muiunganishe na simtanki, kwani wakazi wa ukanda huu hawajausahau mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua. Tazameni mapito ya mchwa kwenye kuta na fremu za milango, maana mchwa hufuata ubaridi na unyevu wa nyumba nje kunapokauka. Zibueni mitaro, na kabla ya kuelekeza maji nje, angalieni yanaishia kwa nani. Kumtupia jirani maji ni kumuudhi, na haki ya jirani tunaijua. Majani makavu yasichomwe karibu na nyumba wala upepo unapovuma. Pandeni mti upande wa magharibi, linakotokea jua la alasiri.

Kisha lipo la ndani ya kabati. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mke ajue hati iko wapi na jina gani limeandikwa. Mauziano yaandikwe yakiwa na mashahidi, kama tulivyoelekezwa na Aya ndefu kuliko zote katika Suratul Baqara, iliyoshuka kuhusu kuandikiana madeni na kushuhudiza biashara. Mwenye nyumba ya kupangisha akumbuke kuwa kodi ya majengo, inayokatwa kupitia umeme tangu 2021, ni wajibu wake yeye. Mpangaji anayeilipa anaponunua umeme anastahili kufidiwa katika kodi ya chumba.

Masika yakiingia tutarudi Kisarawe na mabuti ya mvua, tukasimame chini ya ile mikorosho mitatu na kuona maji yanaelekea wapi. Familia ikiwa imekamilisha mirathi, na ardhi ikiwa imetoa ushahidi wake, tutanunua kwa moyo mkunjufu. Allah atuwafikishe katika kila lenye kheri, na azibariki mali zilizochumwa na kutolewa kwa halali. Amin.