Mchumia juani, kivuli ni cha nani?

Huku Mlimani mambo si mabaya sana. Testi zinatuandama, boom limeshakata kwa walio wengi, na chumbani kwetu tunabebana kama kawaida: kitanda kimoja, vichwa viwili, kila mtu na upande wake wa ukuta. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba siku hizi tunazungumzia sana nyumba. Mtu akilala nusu kitanda lazima awaze nyumba.

Ubishi ulianza hivi. Jamaa yangu mmoja, mtoto wa Songea, anaamini kabisa kwamba ukisoma, ukapata kazi, ukaamka mapema na ukaacha starehe, utajenga. Basi. Mwingine ni mzaliwa wa hapahapa Dar, yeye anamcheka. Anasema Bongo hutoboi kwa bidii, unatoboa kwa mchongo. Eti mbeba zege anafanya kazi kuliko mkurugenzi, mbona hana nyumba? Wakabishana mpaka saa nane usiku, mlango wa pili wakatugongea ukuta.

Mimi nilinyamaza, si kwa sababu sina maoni. Ubishi huohuo uko kwetu nyumbani, na kule hauishi kwa kicheko.

Kaka yangu ana miaka thelathini na mbili. Alimaliza chuo, akahangaika mtaani miaka miwili, sasa ni mhasibu kwenye kampuni binafsi. Hanywi wala havuti. Amepanga Tabata, chumba na sebule, yeye na shemeji na mtoto wao mmoja. Mwezi uliopita alikuja nyumbani Mbezi kumsalimia Mzee, na maongezi yakafika palepale yanapofikaga siku zote. Mzee akamwambia: "Mimi umri wako nilishapaua. Na mshahara wangu ulikuwa hata haufiki mwisho wa mwezi. Ninyi mnakula chipsi na vifurushi vya simu." Kaka hakujibu. Aliaga, akaondoka hata chai hajamaliza. Mpaka leo hajarudi, na Mama kila Jumapili anaweka sahani ya ziada.

Wiki mbili zilizopita nikaenda nyumbani na nikamwomba Mzee daftari lake. Mzee wangu ana kaunta buku moja kubwa, jalada limeshachakaa, ambamo aliandika kila kitu kilichoingia kwenye nyumba ile: mfuko wa saruji, misumari, hela ya fundi, hata soda ya fundi. Alinipa bila kuuliza, nadhani alijua atashinda kesi. Mimi nasoma uchumi mwaka wa tatu, nikakaa nalo barazani na kalamu.

Ukurasa wa kwanza ni Agosti 1993: kiwanja. Alikinunua kwa mzee mmoja wa Kizaramo, kwa miguu, ndani yake mna mikorosho miwili, shahidi ni balozi wa nyumba kumi. Nikamuuliza wakati ule kiwandani alikuwa analipwa kiasi gani. Akaniambia. Nikagawanya. Kiwanja chote, pamoja na hela ya mashahidi, kilikuwa mshahara wa miezi minne.

Miezi minne, jamani!

Kurasa zinazofuata ndipo unapoiona kazi. Msingi 1995. Kisha karibu miaka miwili hakuna kitu, maana Mzee alipunguzwa kazi, na daftari linaonyesha mstari mmoja tu: "mchanga, lori nusu." Akaanza kuchomelea kwenye gereji ya mtu. Tofali alikuwa anafyatua mwenyewe Jumamosi na Jumapili, anashuka Kimara na kutembea, maana magari ya kufika kule yalikuwa ya kubahatisha. Boma lilisimama 1999. Mabati yamekuja mwaka 2001, na pembeni ya mstari wa mabati ameandika kwa wino mwekundu: "mchezo wa Mama." Nikahesabu, maneno hayo yako mara saba kwenye daftari. Mama alikuwa anakaanga vitumbua kuanzia saa kumi alfajiri, anacheza mchezo na wenzake, na ikifika zamu yake hela inakwenda kwenye nyumba. Mabati, milango, simtanki la maji. Kwenye hadithi za Mzee, mchezo wa Mama huwa hautajwi sana. Kwenye daftari umo.

Walihamia haina dari wala plasta. Mimi nimezaliwa humo. Plasta ya sebuleni ilipigwa nikiwa darasa la pili, nakumbuka fundi alivyonifukuza nisiandike jina ukutani. Kwa hiyo mtu asinieleze kwamba wazee wetu walipewa nyumba za bure. Walitoka jasho, na mikono ya Mzee inaonyesha mpaka leo.

Sasa njooni kwa kaka. Sitaki kuanika mshahara wake humu, basi tuchukue kijana wa kufikirika anayelipwa laki nane kwenye kampuni binafsi. Wengi mtaani watamwona ana bahati, na ni kweli anayo: kima cha chini cha serikali chenyewe kilipandishwa mwaka 2025 kutoka shilingi 370,000 kuwa 500,000, na sekta binafsi wako wanaopata chini ya hapo. Haya tukokotoe. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 10, elfu themanini imekwenda. Bodi ya Mikopo asilimia 15, hiyo ni laki moja na ishirini. Kodi ya mapato, kwa viwango tulivyofundishwa kukokotoa, elfu sitini. Anabaki na 540,000. Kodi ya nyumba 150,000, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mpigo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Chakula na nauli, tujibane, laki mbili. Elfu hamsini ya wazazi, maana huwezi kumnyima Mama. Kimebaki 140,000. Hapo hajaumwa, hajafiwa, hajachangia harusi hata moja, na mtoto hana viatu.

Kijana huyu akiweka hiyo 140,000 kila mwezi bila kuigusa, kiwanja cha milioni kumi atakipata baada ya miaka sita hivi. Mzee miezi minne. Tena siyo Mbezi ile ya Mzee. Milioni kumi leo inakupeleka Chanika ndanindani, au unavuka mkoa kabisa unakwenda Mapinga, Kibaha au Kisarawe. Na hiyo miaka sita akiwa anaweka hela, bei haimsubiri.

"Si akope benki?" Nilitegemea swali hilo, na Mzee naye aliniuliza. Enzi zake Benki ya Nyumba ilikuwepo lakini yeye hakuwahi kuingia mlangoni, na mwaka 1995 ikafungwa. Baadaye, mwaka 2008, Bunge likapitisha sheria ya mikopo ya nyumba, na ikaanzishwa kampuni ya TMRC ambayo kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yatukopeshe. Ni jambo zuri, sibezi. Lakini kwa miaka mingi riba ya mikopo hii imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Nilikaa na kikokotoo: kijana wetu akikopa milioni 40 kwa asilimia 17, alipe kwa miaka 20, kila mwezi anatakiwa kutoa kama 587,000. Mshahara unaoingia mfukoni ni 540,000! Yaani asile, asipande daladala, alale kwenye hiyo nyumba bila shuka, na bado anadaiwa. Na akimaliza atakuwa amelipa karibu milioni 141 kwa mkopo wa milioni 40. Ndiyo maana ripoti za Benki Kuu za mwaka 2022 na 2023 zilionyesha wenye mikopo ya nyumba hawafiki hata elfu kumi, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7.

Basi nini kilibadilika? Mzee anasema vijana. Kaka anasema serikali. Mimi nasema tuanze na ardhi.

Sensa ya 1988 ilikuta Dar es Salaam ina watu milioni 1.36. Ya 2022 ilikuta milioni 5.38. Mzee aliponunua Mbezi, mji ulikuwa unaishia karibu na alikosimama. Alinunua shamba la mtu, na mji ukamfuata kwa miguu yake wenyewe: barabara, umeme, maji, shule. Kila kilipokuja kimojawapo, kiwanja chake kilipanda bei huku yeye amelala. Jasho lake lilijenga kuta. Bei ya leo ya kile kiwanja imejengwa na mji mzima, pamoja na kodi anazokatwa kaka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1958, kabla hata ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika makala iliyoitwa Mali ya Taifa, akipinga ardhi kufanywa mali ya mtu ya kuuza na kununua. Hofu yake ilikuwa kwamba wachache wenye hela wataishika yote na wengine watabaki wapangaji. Mpaka leo sheria inasema ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini. Ila Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikubali pia kwamba ardhi ina thamani yake, na kusema ukweli mtaani ilikuwa inauzwa hata kabla ya hapo. Mzee ni shahidi. Serikali ilijaribu kupunguza makali, mfano ule mradi wa viwanja elfu ishirini ulioanza 2002, viwanja vilipimwa Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na kwingineko. Waliovipata mapema wanajua walichopata. Nenda leo ukaulizie bei Mbweni.

Kwa hiyo wale wenzangu wawili wa chumbani, ukiniuliza, wote wameshika mkia wa ng'ombe mmoja. Bidii inafanya kazi. Bila bidii Mzee angekuwa na mikorosho miwili na nyasi. Lakini bidii ni mbegu, inataka pa kuota. Yeye alipata pa kuota kwa mshahara wa miezi minne, na alipata mke mwenye mchezo. Ukimchukua kijana wa leo ukampa bidii ileile na chipsi ukamnyima, bado miaka sita itaisha akitafuta pa kuweka tofali la kwanza. Wanaoruka mstari huo wengi ni wale ambao baba zao walishapata kiwanja. Huo si mchongo, ni urithi, lakini kwa mbeba zege vyote vinafanana.

Nilimsomea Mzee hesabu hizi palepale barazani. Sikumwambia kwamba amekosea, kwetu mtoto hasemi hivyo. Nilimwonyesha tu miezi minne hapa, miaka sita hapa. Akavaa miwani, akairudia mwenyewe mara mbili kwa kidole. Kisha akauliza, "Na riba yote hiyo ni ya nini?" Nikamweleza nilivyofundishwa. Akanyamaza muda mrefu, akafunga daftari.

Mama, ambaye alikuwa anachambua mchele na tulidhani hasikii, akasema: "Pale nyuma kwenye mpapai panatosha vyumba viwili na choo. Na tumwandikie kwa mjumbe, asije akasumbuliwa na wenzake sisi tukifa." Na mimi ni mmoja wa hao wenzake. Nikasema sawa, niko tayari kutia sahihi. Nilipokuwa narudi chuo kwenye daladala ndipo nilipokaa nikafikiri: kile kipande cha nyuma ndiyo ardhi pekee ambayo na mimi ningeweza kuiota, na Bodi inanisubiri na asilimia zake. Lakini mwenye mtoto ni kaka.

Mzee amempigia kaka mwenyewe. Hakutaja chipsi. Alisema tu, "Njoo tupime huku nyuma." Kaka amesema atafikiria. Shemeji naye hataki kuishi uani kwa wakwe, na ukimsikiliza huwezi kumlaumu. Alitamani mlango wake mwenyewe na jiko lake mwenyewe, kama Mama alivyotamani 1993. Kwa hiyo sahani ya Jumapili bado inawekwa, na hatujui itaisha vipi.

Ninachoomba kwa wazee wetu ni kimoja: mkitusimulia jinsi mlivyojenga, tusimulieni na bei ya kiwanja. Na sisi vijana tukilalamika, tusiwasahau waliokaanga vitumbua saa kumi alfajiri ili mabati yapande. Mchumia juani hulia kivulini, sikatai. Ila siku hizi kivuli chenyewe kina mwenyewe, na anataka kodi ya miezi sita.

Haya, ngoja nirudi kwenye notisi, kesho saa moja asubuhi tuna testi na mwenzangu ameshachukua upande wa ukuta. Alamsiki.