Mama, mtoto na baba asiyeonekana pichani

Kaskazini mwa Thiruvananthapuram, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, kuna mji mdogo wa Kilimanoor. Hapo, katika jumba la ukoo wa mama yake, mchoraji Raja Ravi Varma alizaliwa mwaka 1848. Ni nchi ya minazi na mvua nyingi, pwani ya Malabar ambayo mabaharia wetu wa majahazi waliijua tangu zamani.

Mwaka 1893 Ravi Varma alimchora binti yake, Mahaprabha, kwa rangi za mafuta. Mama huyo kijana amesimama, amempakata mwanawe mdogo. Wote wanatazama upande mmoja, na mbwa naye anatazama huko huko. Jina la picha linaeleza sababu: baba anakuja. Lakini baba mwenyewe haonekani.

Mavazi ya Mahaprabha hayatamshangaza mama wa Uswahilini. Ni vipande viwili, kama doti ya khanga: kimoja kiunoni, kingine kimetupwa begani. Tofauti ni kwamba kitambaa ni cheupe na urembo umewekwa kwenye pindo. Hilo ndilo vazi la asili la wanawake wa Kerala, na mpaka leo huvaliwa siku za sikukuu.

Kwa macho ya leo, hii ni familia ya kawaida inayomsubiri baba. Kwa Kerala ya wakati ule, haikuwa hivyo. Katika koo nyingi, zikiwamo za Wanayar na za kifalme, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Mali ilipita upande wa mama, na msimamizi wa nyumba alikuwa mjomba. Mara nyingi mume aliendelea kuishi kwao na kumtembelea mkewe. Waluguru wa Morogoro, ambao kwa jadi mtoto ni wa ukoo wa mama, wataelewa haraka.

Ravi Varma mwenyewe alikulia katika mfumo huo. Aliyekitambua kipaji chake utotoni na kumfundisha kuchora alikuwa mjomba wake. Ndiyo maana picha hii inagusa: mtu aliyelelewa na mjomba amechora nyumba ambayo macho yote yanamngoja baba. Wapo wanaoiona kama dalili ya familia iliyoanza kubadilika, mjomba akirudi nyuma na baba akisogea mbele. Mwaka 1975 jimbo la Kerala lilitunga sheria ya kufuta mfumo wa zamani wa familia za pamoja.

Lakini hadithi haikuishia kwa baba. Mwaka 1900 ukoo wa kifalme wa Travancore haukuwa na mabinti wa kuendeleza kizazi, ukawachukua wajukuu wawili wa kike wa Ravi Varma. Mmoja, Sethu Lakshmi Bayi, binti wa Mahaprabha, aliitawala Travancore kwa niaba ya mfalme mdogo kuanzia mwaka 1924 hadi 1931.

Mzazi, picha hii inapatikana kwa urahisi kwenye simu. Mwonyeshe mwanao, kisha muulize: nani hayupo hapa, na kwetu tunamngoja nani jioni? Jibu linaweza kuwa baba, mama, bibi au mjomba. Sikiliza jina litakalotangulia.