Farumi ya Maji, Farumi ya Mchanga

Mtu wa Lamu akienda kutazama mashindano ya weksafingi kwenye ziwa la Marekani, kitu cha kwanza kumshangaza ni mwendo. Boti inakwenda kilomita 16 hadi 19 kwa saa, basi. Mchezaji huvutwa kwa kamba hadi asimame kwenye ubao wake, kisha huiachia na kuteleza juu ya wimbi linalofuata tezi, mita chache tu kutoka kwa majaji waliomo botini.

Wimbi hilo hutengenezwa. Matangi ya boti hujazwa maji, ndiyo farumi yake, mara nyingi zaidi ya tani moja, ili tezi izame na wimbi lisimame. Anayetanguliza mguu wa kushoto hucheza kushoto kwa boti. Anayetanguliza wa kulia, upande wa pili. Kuhamisha farumi kwa kila mchezaji kunakula muda, kwa hiyo waandaaji wazoefu huwapanga wachezaji kwa upande: wa kushoto wamalize, ndipo waitwe wa kulia. Boti nayo haigeuzwi haraka, maana ikipita kwenye maji iliyoyavuruga yenyewe, anayefuata hupata wimbi lililokatika. Upepo ndio adui. Asubuhi na mapema, ziwa likiwa shwari, kazi inaanza.

Lamu bila upepo hakuna shindano la mashua.

Kwenye Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, manahodha huja na mashua zao wenyewe. Mashua inayotegemewa hupandishwa mchangani kabla ya siku yenyewe, ikakwanguliwa na kupakwa mafuta. Farumi yake ni magunia ya mchanga. Chombo kikibisha, mabaharia huyaburura magunia hayo kwa mikono hadi upande wa upepo, na wenzao hutoka kukalia ubao uliotokezwa nje juu ya maji. Mmoja akizubaa, mashua inalala na mwendo unakufa.

Hata ubishi si mmoja. Marekani wachezaji hutumia boti ileile, kisha majaji hupima ugumu wa mitindo, wingi wake na ustadi wa kuitekeleza. Maneno huanza alama zikishasomwa. Lamu aliyetangulia ametangulia. Kama kuna la kubishania, ni boya: nani kalizunguka, nani kalikatia ndani.

Kwenye usalama, pwani ina cha kuazima. Mashindano ya weksafingi hayamruhusu mchezaji kuingia majini bila jaketi la kuokolea, na boti inayotumika ni ile yenye propela chini ya tumbo, mbali na miguu ya anayeanguka. Lamu mabaharia wengi bado hushindana vifua wazi, wakitegemea kwamba wamekua majini.

Ila mashua haibomoi ufuo. Mawimbi ya weksafingi yamezusha malalamiko ya wenye nyumba kando ya maziwa, kwa kuwa humega kingo na kutibua matope. Mwaka 2024 jimbo la Vermont liliamuru mchezo huo ufanyike si chini ya mita 150 kutoka ufukoni, kwenye kina cha mita 6 au zaidi. Maziwa mengi madogo yalitoka kwenye orodha palepale. Mwandaaji wa huko sasa hutafuta kwanza ziwa linaloruhusiwa, ndipo afikirie majaji, ratiba na zawadi.